Kuku wa Senge na Mstari wa Nne

Muhonja mwanangu,

Nimekasirika tangu Jumapili, na sitaki upande gari kesho ukidhani nimekukasirikia wewe. Umenisikia nikirusharusha spana humu karakana, ukamwuliza mama yako, "Baba ana nini?" Naye akakujibu ati ni uchungu wa mtoto kuondoka. Uchungu upo, sikatai. Lakini hii ni hasira, binti yangu, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ninajikasirikia mwenyewe.

Mambo ya blanketi na sufuria na simu kukaa mfuko wa ndani, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu. Mimi nitayaruka. Sasa hivi ni saa tisa, mvua inapiga mabati kama kila siku, mama yako yuko jikoni ananyonyoa kuku wako wa kuagwa, wewe uko Iguhu sokoni na wenzako, nami nimekaa kwenye kile kiti cha tuktuk kilichopasuka, naandika juu ya goti. Kusema kwa mdomo nimejaribu. Jana tulipokuwa tukikunja nguo zako nilifungua kinywa, nikaishia kukuuliza kama una soksi za kutosha.

Ni ile karatasi. Ulikuja nayo Jumapili baada ya kanisa ukitabasamu, imo kwenye bahasha pamoja na barua yako ya kazi. Ukaniambia, "Baba, hebu ona, hii ndiyo fomu tutakayokuwa tukijaza kule Nakuru tuktuk ikirudishwa na betri haina nguvu. Hata si ngumu, ni kuweka tiki tu." Nikavaa miwani. Chanzo cha hitilafu, kisha mistari minne. Wa kwanza, dereva alipakia mzigo kupita kiasi. Wa pili, dereva hakuchaji inavyotakiwa. Wa tatu, dereva aliosha betri kwa maji. Wa nne, dereva aliweka kitu juu ya sanduku la betri. Basi. Nikaigeuza karatasi nione kama huko nyuma wameandika kwamba hata kiwanda kinaweza kukosea. Huko nyuma palikuwa peupe.

Wewe ulidhani nimenyamaza kwa sababu nimefurahi. Muhonja, ule mstari wa nne ni wangu. Mimi ndiye niliyeuzaa. Mstari huo ulizaliwa pale uani kwa senge wako, shangazi yako Rispa, kwa sababu ya kuku.

Sasa nikueleze kitu ambacho miaka yote umeniuliza nami nakudanganya. "Mbona senge haji Krismasi?" Nakuambia ana shughuli zake. "Mbona senge akipita barabarani anasalimia mama tu?" Nakuambia hakuniona. Aliniona. Dada yangu ana macho mazuri kuliko wewe.

Ulikuwa kidato cha pili ushirika wetu wa maziwa ulipoletewa tuktuk tatu za umeme, na walioleta ni hii hii kampuni iliyokuandika kazi. Zilikuwa za kubeba mikebe ya maziwa kutoka kwa wakulima hadi kwenye mtambo wa kupoozea. Rispa akaomba kuendesha namba mbili. Watu walicheka, ati mjane wa miaka arobaini na mitano atashika usukani wa umeme. Akashika. Wiki ya kwanza wanawake walikuwa wakisimama njiani kumwangalia tu, naye anawapigia honi bila sababu yoyote.

Nilimfundisha mimi, na alishika kuliko wanaume wawili waliokuwa na namba moja na namba tatu. Zile betri tano za asidi zilizounganishwa pamoja chini ya kitanda cha mizigo, alizijua kama watoto wake. Hakungoja ziishe kabisa ndipo azichaji. Akitoka njia ndefu, aliziacha zipoe kwanza. Maji ya betri alikuwa anaongeza yale safi ya chupa, wakati wenzake walikuwa wanachota ya mtoni. Kila asubuhi alikuwa anafuta vichwa vya betri kwa kitambaa kikavu. Siku moja nikamtania, "Rispa, hata marehemu shemeji hukumtunza hivi."

Akanijibu bila kuinua kichwa, "Hii ikikosea inaniambia. Yeye alikuwa ananyamaza tu."

Sasa kuku. Alikuwa na kuku wake wa rangi ya udongo, mpole kupita kiasi, aliyekuwa akiatamia kwenye kikapu. Ilikuwa miezi ya baridi. Tuktuk ilikuwa inachajiwa jioni pale kibandani kando ya jikoni, na unajua betri ikichajiwa, sanduku lake hupata joto kidogo. Rispa akaona joto linapotea bure. Kwa hiyo kila jioni anabeba kikapu, kuku ndani, mayai chini yake, anakiweka juu ya kifuniko cha sanduku la betri. Alfajiri anakishusha, anakirudisha jikoni, anaenda kuchukua maziwa. Kuku hakulalamika hata siku moja. Majirani wakajua, wakacheka, mmoja akauliza kama tuktuk nayo itaangua.

Je, ilikuwa sawa? Hapana. Sanduku la betri linahitaji kupumua linapochajiwa, na ningepaswa kumwambia mapema. Lile lilikuwa kosa dogo la mtu anayechukia kuona kitu kikipotea. Ningelisahihisha kwa sentensi moja, hata kwa utani, na kikapu kingehamia kwenye rafu.

Kisha namba mbili ikaanza kuchoka. Ikiwa tupu inakimbia vizuri. Ukiijaza mikebe na kuielekeza kwenye kile kilima cha kutoka mtoni, inazimazima taa, inasimama. Ikipumzika dakika kumi inaenda tena. Mara ya tatu ilisimama juani mpaka maziwa yakaganda, na wakulima wakamfokea Rispa mbele ya watu kama mwizi. Ushirika ukapiga simu kampuni. Kampuni ikamtuma mhandisi, kijana mwenye shati safi na viatu ambavyo havikutaka matope yetu. Mwenyekiti akaniita nami, kwa kuwa ni fundi wa hapa.

Tulifika kwa Rispa jioni, chaja ikiwa imechomekwa. Na kuku alikuwa pale juu, ametulia, anatutazama.

Yule mhandisi alicheka mpaka akashika ukuta. Akatoa simu, akapiga picha. Halafu akanigeukia. Njiani alikuwa amekwisha kuniambia kwamba kampuni inatafuta fundi mmoja wa kuangalia tuktuk zao zote kuanzia kwetu mpaka Bukura, na kwamba ananiona ninafaa. Akaniuliza, "Fundi, wewe ni mtu wa hapa. Unasemaje?"

Mita ilikuwa mfukoni mwangu, Muhonja. Hapa, mfuko wa kulia. Ningeitoa tu. Kupima betri tano ni kazi ya muda wa kunywa kikombe cha chai.

Rispa akasema, "Pima kwanza, ndugu yangu. Wewe ndiye ulinifundisha."

Nami nikamwambia, "Nyamaza Rispa, haya ni mambo ya ufundi." Nikamgeukia yule kijana nikasema, "Ni joto. Kuku amezipika betri." Nikasema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Nikaweka sahihi kwenye karatasi yake juu ya boneti ya gari. Kisha, ili aone kwamba mimi si mtu wa kupendelea ndugu, nikachukua kile kikapu nikakikung'uta chini. Mayai kumi na mawili. Yalikuwa yamebakiza siku tatu yaanguliwe.

Kuku alizunguka pale akilia. Rispa hakulia. Alichomoa chaja ukutani, akakunja waya wake vizuri kama kawaida yake, akaufunga, akampa mwenyekiti pamoja na ufunguo. Kesho yake alikuwa kwenye chai ya watu, anachuma majani. Yuko huko hadi leo.

Mimi nikapata ile kazi. Ndiyo. Lile shati la kampuni nililokuwa nikivaa, ambalo wewe ulilipenda ukaenda nalo shuleni siku ya michezo, nilipewa wiki mbili baadaye.

Namba mbili wakaipa betri mpya, na mafundi wao waliokuja kuzifunga wakabadilisha na waya zote zinazounganisha betri. Niliona. Nikajiuliza, kama kosa ni la kuku, waya zimekosa nini? Lakini nilijiuliza polepole, ili nisijijibu.

Haukupita mwaka, namba tatu nayo ikagoma kwenye kilima kile kile. Namba tatu dereva wake alikuwa mzee wa kanisa asiyefuga hata njiwa. Safari hii nikatoa mita. Betri zikiwa zimetulia, zote tano zilionyesha volti nzuri, zimejaa. Mtu mvivu angeishia hapo. Nikapanda nyuma katikati ya mikebe, nikafungua kifuniko, nikamwambia mzee apande mlima pole pole, nami nimeshika ncha za mita. Betri ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Zote zilishuka kidogo tu kama betri yoyote inayovuta mzigo. Kisha nikaweka ncha moja kwenye kichwa cha betri ya tatu na nyingine kwenye kichwa cha betri ya nne, pale ambapo kuna kipande cha waya tu katikati, na mita inapaswa kusoma kama hakuna kitu. Ikasoma volti tatu. Kwenye kipande cha waya kisichofika shibiri! Nikakigusa. Ile alama kwenye kidole changu cha shahada, ambayo nilikuambia ni ya chuma cha kuchomelea, ni ya hapo.

Tuliposimama nikavuta ule waya kwa mkono, ukatoka kwenye kichwa chake kama mkia wa mjusi. Kiwandani hawakuubana. Nyuzi chache tu ndizo zilizokuwa zimeshika. Tuktuk ikiwa tupu, nyuzi hizo zinatosha. Ukiweka mikebe na mlima, zinapata moto, umeme unaishia pale pale, na betri inasingiziwa. Nikaubana upya kwa koleo. Namba tatu ikapanda kilima na mikebe yake yote, mzee anaimba pambio.

Nikampigia simu yule mhandisi. Unajua alisema nini? "Asante fundi, hilo tunalijua, tunalishughulikia. Lakini usiwaambie wateja, watachanganyikiwa." Tunalijua! Walikuwa wanajua! Wanajua, na Rispa yuko kwenye majani chai, mgongo umeinama, kwa sababu ya kipande cha waya ambacho mtu hakukibana! Na mimi nikasema, "Sawa bosi." Hivyo tu. Sawa bosi.

Jioni ile nilikuja hapa karakana. Zile betri tano za namba mbili zilikuwa kwenye kona, kampuni iliniachia nizitupe. Nikazichaji usiku kucha, kisha nikaziunganisha moja moja na taa kubwa ya gari nikazingoja. Hakuna hata moja iliyokufa. Zilikuwa nzima kuliko mimi.

Sasa ukae chini kama umesimama. Mbili kati ya hizo nilizileta nyumbani, nikavuta waya mpaka chumbani kwako. Ile taa nyeupe uliyosomea kidato cha tatu na cha nne, ambayo kwa ajili yake ulikuwa ukiwaambia wenzako ati baba yako ni mtaalamu, ilikuwa ikiwashwa na betri nilizoapa kwa sahihi yangu kwamba zimekufa. Wewe unasoma kwenye mwanga wa senge wako, naye kule kwake ana koroboi. Nilikuwa nikipita dirishani kwako nauona ule mwanga, nageuza uso. Hukukosea chochote wewe. Lakini una haki ya kujua ulisoma kwa mwanga gani.

Ndiyo maana Jumapili niliposhika ile fomu, niliona picha ya yule kuku imegeuka kuwa mstari. Kwa neno langu moja la uongo, sasa kila dereva nchini anayeweka kofia yake au mkate wake juu ya sanduku la betri ana mahali pa kutiwa tiki. Na mtu wa kutia tiki ni mtoto wangu. Loo! Kama si dharau hii ni nini?

Kazi utaijua, chuo kimekufundisha vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi. Ambacho chuo hakikukuambia ni kwamba mtu akikuletea betri inayosumbua atakuwa ameshaogopa kabla hujafungua mdomo. Ataanza kujitetea, ati sikuiosha, ati sikuijaza. Wengine watadanganya kwa woga. Ndugu yake fundi hapo ni mita. Nami nilikuwa nayo mfukoni, kwa hiyo usifikiri chombo kinatosha. Gusa viungo, kamata kila waya, panda nayo mlima ikiwa na mzigo wake. Halafu ukikuta kweli dereva ameiua, na wapo wanaoziua, andika hivyo bila kuona haya. Na ukikuta ni kiwanda, na karatasi haina mstari, chora wako kwa mkono. Wakikuambia umechafua fomu, waambie ilikuja ikiwa chafu.

Jumatatu niliandika ripoti yangu upya, ukurasa mmoja, nakala tatu. Nikaipeleka kwa mwenyekiti wa ushirika. Akaisoma akanirudishia. "Fundi, unafukua nini sasa? Hayo yalishapita."

"Kwako yalipita," nikamwambia. "Kwa Rispa hayajapita hata hatua moja. Piga muhuri."

"Nina mkutano."

"Nenda. Mimi nitakaa." Nikakaa kwenye benchi lake tangu saa nne mpaka saa nane, watu wakiingia wananikuta, wanauliza mzee una shida gani, nami nawasomea kwa sauti. Msikilizaji wa tano alipofika, muhuri ukapigwa.

Nakala ya pili nimeituma Nakuru, kwa anwani ile ile iliyo kwenye barua yako ya kazi, na jina langu lote liko chini. Sikukuuliza, kwa kuwa ungeniambia subiri kidogo baba, nami nimesubiri vya kutosha. Inaweza kukuletea maneno. Wakikuuliza kama unamjua mzee huyu, usinikane na usinitetee. Sema ni baba yako na kwamba anachosema kinaweza kupimwa.

Ya tatu niliipeleka leo asubuhi kwa Rispa. Nilimkuta anapalilia maharagwe yake kabla ya kwenda kwenye chai. Hakunikaribisha. Nikamnyooshea karatasi juu ya ua. Akafuta mikono, akaisoma amesimama, midomo ikicheza, mpaka mwisho, kisha akairudia tena kutoka juu. Nilitaka aseme kitu, hata kunitukana. Kuku walikuwa wakichakura miguuni pake.

Mwishowe akasema, "Na kuku?"

"Kuku yupi?"

"Usiniulize kuku yupi, Shadrack. Hapa umeandika waya. Umeandika Rispa hakukosa. Umeandika wewe ulidanganya. Kuku wangu ulimsingizia mbele ya watu, ukamwaga watoto wake, na mpaka leo watu wakinionaga sokoni wananililia kama kuku. Yeye yuko wapi hapa?"

Nikaichukua karatasi, nikaiweka juu ya goti, nikaandika chini ya sahihi yangu: Na kuku pia hakuwa na kosa. Nikaweka sahihi tena. Akaiangalia, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya gauni. Nikadhani atacheka. Hakucheka, macho yake yalikuwa yamejaa. "Haya, toka nimalize hapa kabla ya mvua," akasema. Nilipokuwa nimefika barabarani akaniita. "Mtoto apitie kwangu kesho. Peke yake."

Kwa hiyo kesho sitakusindikiza mpaka stendi. Nitakomea langoni, na mama yako atakuambia ni mguu wangu. Si mguu.

Mita yangu nimeiweka juu kabisa ya sanduku lako. Nimebadilisha betri yake ndogo, na ile ncha nyekundu imelegea kidogo, uikaze. Na mama yako akimaliza kupika, nimemwambia asiniwekee imondo. Ameshtuka, maana tangu tuoane firigisi ya kila kuku aliyechinjwa nyumba hii nimeila mimi, kama baba yangu, na hakuna mwanamke kwetu aliyewahi kuionja. Ataifunga kwenye jani la mgomba. Umpelekee senge wako, umpe mkononi, usimweleze chochote, ataelewa. Asipotaka kuila usimbembeleze. Akiwatupia kuku wake, waache wale.

Baba yako anayekupenda na aliyechelewa,
Shadrack